Gari Kuchemsha

Gari kuchemsha ni hali ya injini kupata joto kupita kiasi ambacho mfumo wake wa kupoza unaweza kukihimili, mpaka maji yaliyomo yakachemka, yakamwagika au yakageuka mvuke. Hitilafu hii ina umri sawa na gari lenyewe, na katika Afrika Mashariki imeweka makazi kwenye magari ya familia yaliyoingia kutoka Japani yakiwa yameshatumika: Toyota Corolla 110, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1995, Corolla NZE iliyoifuata mwaka 2000, Nissan Sunny, Toyota Mark II na mengine ya rika lao. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania haikatazi, ila hutoza ushuru wa ziada kwa magari yenye umri mkubwa. Kwa njia zote mbili gari likishafika huendelea kutumika muongo mmoja au miwili, na mipira, pampu na rejeta zilizotengenezwa kwa maisha mafupi kuliko hayo hulazimika kuvumilia. Makala hii inahusu namna ya kukitambua chanzo. Hoja yake ni kwamba ushahidi wenye uzito kuliko wote ni wakati: gari linachemsha lini, likiwa katika mwendo gani, na baada ya kuwashwa kwa muda gani. Fundi anayeanza kwa kung'oa themostati kabla ya kuuliza maswali hayo anaufuta ushahidi kwa mikono yake.

Katika injini ya petroli, karibu theluthi moja tu ya nishati ya mafuta ndiyo huishia kusukuma gari. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu kubwa ya iliyobaki hupenya kwenye kuta za silinda, ambako maji hayana budi kuipokea na kuiondoa. Pampu inayozungushwa na mkanda huyasukuma maji ndani ya bloku na silinda hedi. Yakishapata joto hutoka kwa mpira wa juu, hupita ndani ya rejeta yakipozwa na upepo, kisha hurudi kwenye injini kwa mpira wa chini. Kwenye njia hiyo imewekwa themostati, vali ndogo inayoendeshwa na nta iliyofungiwa ndani ya kikombe cha chuma: nta ikiyeyuka hutanuka na kuisukuma vali ifunguke. Ubunifu huo ni wa Sergius Vernet, Marekani, miaka ya 1930, na kimsingi haujabadilika. Toyota nyingi za petroli za miaka ya 1990 hutumia themostati iliyogongwa namba 82, yaani huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84 za Selsiasi, na maji yakifika nyuzi 95 inapaswa iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa kuliko kuziba tundu. Springi yake huyabana maji kwa shinikizo la takriban baa 0.9 juu ya lile la hewa, na kwa shinikizo hilo maji matupu, katika usawa wa bahari, hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118.

Sasa tuchukue gari linalopandisha joto kwenye foleni ya mjini, lakini likipata barabara ya wazi geji inarudi mahali pake. Dalili hiyo peke yake imeshasema mengi. Gari likiwa kwenye mwendo, upepo hupita kwenye rejeta bila msaada wa mtu; likisimama, upepo wote hutegemea feni. Kama mwendo unaliponya, basi maji yanazunguka, rejeta ina nafasi ya kutosha ya kuyapitisha, na mtuhumiwa wa kwanza ni feni pamoja na nyaya zake. Kumpima ni kazi ya dakika chache. Ukiwasha kiyoyozi, feni inapaswa kuzunguka. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, ukichomoa soketi ya swichi ya joto huku ufunguo umewashwa, feni inapaswa kuzunguka pia, kwa sababu saketi hiyo ilipangwa makusudi ili waya ukikatika feni iwake badala ya kuzima. Ikizunguka hapo lakini haizunguki maji yakiwa ya moto, mota na rilei ni nzima na swichi ndiyo mbovu. Isipozunguka, fyuzi, rilei na mota hukaguliwa kwa zamu, na mota hupewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Magari kama Mark II, ambayo feni yake hufungwa mbele ya injini kwa klachi yenye mafuta mazito, hupimwa kwa mkono: injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni inayozunguka kwa wepesi mara nyingi baada ya kusukumwa ina klachi iliyokufa. Kuna kosa moja linalodanganya hata mafundi wazoefu, nalo ni feni ya umeme iliyounganishwa nyaya kinyume. Inazunguka vizuri kabisa, ila inausukuma upepo upande usiotakiwa. Karatasi nyepesi iliyowekwa mbele ya grili humaliza ubishi huo, kwani inatakiwa ivutwe kuelekea ndani. Na kabla ya kununua feni mpya, mtu achungulie kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Kwa mbele panaweza kuonekana safi huku katikati pamejaa vumbi, nyasi na wadudu waliogandamana.

Gari linalotulia kwenye foleni lakini linachemsha likipanda mlima ni kesi nyingine. Mlima Kitonga mkoani Iringa, au ule mpando kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, huitaka injini itoe nguvu nyingi kwa muda mrefu huku mwendo ni mdogo, na hapo joto linalozalishwa hufika kileleni. Feni iliyoweza kulituliza gari kwenye foleni imekwishajitetea. Swali linahamia kwenye maji: je, yanapita kwa wingi unaotakiwa, na je, yakipita rejeta inaweza kuyapokonya joto? Maswali haya mawili hutofautishwa kwa kipimo kimoja rahisi, yaani tofauti ya joto kati ya mpira wa juu na wa chini wakati gari linatoka kwenye mzigo. Kama tofauti ni kubwa sana na bado injini inaungua, maji yanakwenda polepole mno: mkanda unateleza, mapanga ya pampu yameliwa na kutu, au mpira wa chini umelegea na kufyonzwa mpaka ukajikunja injini inapozunguka kwa kasi. Kama tofauti ni ndogo, maji yanapita lakini rejeta haiyapozi. Imeziba ndani au mapezi yake ya nje yameoza na kuachana na mirija. Kipimajoto cha miale, ambacho siku hizi kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya umeme, huonyesha mabaka ya baridi kwenye uso wa rejeta mahali mirija ilipoziba. Visababishi vilivyo nje ya mfumo wa kupoza, kama vile taimingi iliyochelewa au breki zinazokamata, huongeza mzigo, ila mara chache huchemsha gari vyenyewe.

Wakati wa tatu ni dakika za mwanzo. Injini iliyolala usiku kucha, ikawashwa, na ndani ya dakika kumi geji imepanda huku rejeta nzima bado ya baridi mkononi, ina maji machache, hewa iliyonaswa au themostati iliyogoma kufunguka. Maji huhakikishwa kwanza. Themostati hutolewa, huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na moto huwashwa. Ama inafunguka katika joto lililoandikwa juu yake ama haifunguki. Kwa kipuri kinachotuhumiwa kuliko vyote, inashangaza jinsi jaribio hili linavyofanywa mara chache.

Zito zaidi katika dakika hizo za mwanzo ni mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili tangu gari liwashwe. Maji hayajapata joto la kuyatanua. Kilichoujaza mpira ni gesi iliyopenya kutoka kwenye silinda kupitia gasketi ya silinda hedi iliyopasuka. Mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta yanaunga mkono tuhuma hiyo, na kipimo cha kemikali hukata shauri: hewa ya juu ya rejeta hupitishwa ndani ya kimiminika cha buluu, na kikigeuka manjano kuna kaboni dioksidi, ambayo haina njia nyingine ya kufika humo isipokuwa kutoka kwenye chumba cha mwako. Moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, na oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili zinazojulikana na wengi, lakini ya pili inahitaji tahadhari. Utandu mwembamba wa rangi hiyo chini ya kifuniko cha oili unaweza kuwa unyevunyevu tu katika gari linalotumika kwa safari fupifupi. Na kwenye gari la gia otomatiki, rangi hiyo ikionekana kwenye oili ya giaboksi, tatizo ni kipozeo cha oili kilichomo ndani ya rejeta kilichotoboka. Giaboksi iko hatarini ingawa gasketi ni nzima.

Turudi kwa themostati, kwa kuwa hapo ndipo desturi na ushahidi vinapogombana. Katika gereji nyingi za mitaani, gari likija na malalamiko ya kuchemsha, themostati hung'olewa na kutupwa, na mara nyingi mwenye gari huondoka ameridhika. Geji imeshuka. Kuna hali ambamo kuridhika huko kuna msingi: kama themostati ilikuwa imekwama imefungwa, kuiondoa kumefungua njia. Lakini angalia kinachotokea ikiwa haikuwa imekwama. Injini nyingi za Toyota za kizazi hiki zina njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta, ili injini ipate moto upesi asubuhi. Themostati ina kisahani cha pili upande wa chini, na kazi yake ni kuiziba njia hiyo ya mkato kadiri njia ya rejeta inavyofunguka. Ukiing'oa, njia zote mbili hubaki wazi moja kwa moja, na sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi ndani ya injini bila kuonja upepo. Kwenye barabara tambarare hasara hiyo haionekani, kwa kuwa joto ni dogo na uwezo wa rejeta umebaki mwingi. Mlimani, ambako kila lita ya maji inahitajika ndani ya rejeta, ndipo inapodai deni lake. Miongozo ya mafundi iliyochapishwa na Toyota yenyewe inaonya waziwazi dhidi ya kuondoa themostati, hata kama injini ina tabia ya kuchemsha, kwa sababu kufanya hivyo hupunguza uwezo wa kupoza.

Hasara nyingine inaihusu kazi ya uchunguzi yenyewe. Gari lisilo na themostati halina tena dakika za mwanzo zinazoeleweka: injini huchelewa kupata moto, rejeta huwa vuguvugu tangu mwanzo, na tofauti ya joto kati ya mipira miwili haisemi tena jambo moja. Feni iliyokufa inaweza kufichika kwa miezi, maana maji huanza foleni yakiwa na joto la chini na huchukua muda mrefu kufika mahali pa hatari. Anayelipokea gari hilo baadaye analikuta limenyamazishwa. Kwa hiyo, kwenye gari la zamani lililopitia mikono mingi, hatua ya kwanza yenye maana ni kufungua nyumba ya themostati na kuona kama imo, na kama haimo kuirudisha kabla ya kupima chochote. Tundu lake dogo la kupitishia hewa hukaa juu wakati wa kufunga.

Watetezi wa desturi ya kung'oa themostati wana hoja, na inayosikika zaidi ni ya hali ya hewa: themostati, wanasema, ni kifaa cha nchi za theluji, na Dar es Salaam haina theluji. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama themostati ingeangalia joto la nje. Inaangalia joto la maji. Siku ya joto kali mjini, hewa ikiwa nyuzi 34, maji bado yana nyuzi 48 za kupanda kabla ya kufika 82, na injini iliyotengenezwa kufanya kazi katika joto hilo inakosa kile ilichopangiwa. Kompyuta ya gari huliona joto la chini kama dalili kuwa injini bado ni baridi na huongeza petroli. Oili hubaki nzito, na unyevunyevu wa mwako hauvukizwi ndani yake. Mwenye gari hulipa kituoni kila wiki bila kujua analipia nini. Ni kweli hasara hiyo ni ndogo Tanga kuliko Njombe au Limuru, ambako asubuhi huwa na baridi kali, lakini haiishi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na inastahili kukubaliwa kwa sehemu. Gari la miaka ishirini na tano, inasemwa, halina ugonjwa mmoja; lina rejeta iliyoziba nusu, feni dhaifu na kifuniko kilicholegea kwa pamoja, na mpangilio wa foleni, mlima na dakika za mwanzo unavurugika. Ni kweli dalili huchanganyika. Kinachofuata hapo ni kwamba uchunguzi usiishie kwenye kosa la kwanza lililopatikana. Tena mkanganyiko huu ndio unaowaumiza wanaorukia gasketi. Injini ya 5A-FE ya Corolla 110 ina silinda hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma cha kusubu, na alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho kwa joto lilelile. Injini ikichemsha vibaya, hedi hujipinda, na kwa injini za aina hii upindaji unaozidi milimita 0.05 tu kwenye uso unaokutana na bloku umeshapita kikomo. Gasketi iliyopasuka, basi, mara nyingi ni matokeo ya kuchemsha kulikotangulia. Fundi akibadilisha gasketi, hata akiusawazisha uso wa hedi kwa mashine kama inavyotakiwa, bila kumtafuta aliyelichemsha gari mara ya kwanza, ameitengenezea gasketi mpya mazingira yaleyale yaliyoiua ya zamani.

Kuna pia hoja ya fedha: vipuri vya kuiga ni rahisi, kupima kunachukua muda, basi afadhali kubadilisha themostati, kifuniko na swichi kwa mkupuo. Kwa kifuniko hoja hii haina ubaya. Kwingineko ina kasoro mbili. Themostati ya bei ya chini inaweza kutoka dukani ikiwa mbovu, na asiyeichemsha kwenye sufuria kabla ya kuifunga hajui alichonunua. Na vipuri vitatu vikibadilishwa siku moja, gari likapona, hakuna anayejua lilipona kwa kipi. Gari likirudi kuchemsha miezi sita baadaye, uchunguzi unaanza sifuri.

Kifuniko kinahitaji maneno zaidi kuliko bei yake inavyodokeza, hasa kwa wakazi wa nyanda za juu. Nairobi na Mbeya ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Swichi ya feni katika Toyota nyingi za zamani huiwasha feni kwenye nyuzi 93 hivi. Kifuniko kikishindwa kubana, basi, maji ya gari la Mbeya yanaweza kuanza kuchemka dakika ileile feni inapoamka, ingawa injini haina hitilafu nyingine yoyote. Gari hilohilo likishuka Dar es Salaam linaweza kutulia. Mpira wa kifuniko uliokakamaa au springi iliyochoka huonekana kwa macho, na pampu ya mkono ya kupimia shinikizo huthibitisha kama kinashika baa zake. Pampu hiyohiyo, ikifungwa kwenye shingo ya rejeta, hufichua uvujaji ambao haudondoki chini kwa sababu maji hukauka juu ya chuma cha moto na kuacha alama nyeupe au ya kijani tu.

Kuhusu maji yenyewe, wanaotetea maji ya bomba wana ukweli ambao haufai kufichwa: maji matupu hubeba joto vizuri kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu na kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini. Kisichosemwa ni kwamba kulanti huongeza kiwango cha kuchemka kwa nyuzi chache na, muhimu zaidi katika nchi za joto, ina kemikali za kuzuia kutu. Maji ya kisima cha pwani yenye chumvi huila alumini, na maji magumu huacha chokaa ndani ya mirija ya rejeta mwaka hadi mwaka. Rejeta iliyoshindwa mlimani leo iliharibiwa na ndoo za miaka mitano iliyopita.

Geji ya dashibodi ni shahidi wa kusikilizwa kwa uangalifu. Katika magari mengi sindano imetengenezwa ikae katikati kwa upana mkubwa wa joto ili isimtie dereva wasiwasi, kwa hiyo inapoanza kusogea hali imeshaharibika. Mbaya zaidi, kihisio chake kinahitaji kuzama ndani ya maji. Maji yakiisha kabisa, sindano inaweza kushuka kuelekea baridi wakati hedi inaungua, na dereva akadhani gari limepona. Kwa magari yenye soketi ya kompyuta, kama NZE, mashine ya kusomea hutoa namba halisi, lakini nayo hutegemea kihisio kilichozama.

Gari linapochemsha barabarani, kiyoyozi huzimwa, gari huegeshwa na injini huzimwa. Kifuniko hakifunguliwi mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono mtupu, kwani maji yaliyo juu ya nyuzi 100 hulipuka kuwa mvuke punde shinikizo linapoachiliwa, na maji ya baridi hayamwagwi ndani ya injini ya moto. Muda huo wa kusubiri ni mzuri kwa kuandika yaliyotokea: mwendo, mteremko au mpando, kiyoyozi kiliwaka au la, feni ilisikika au haikusikika, mvuke ulitokea wapi. Baada ya matengenezo maji hujazwa polepole huku injini ikizunguka na kifuniko kikiwa wazi, mpaka themostati ifunguke na mapovu ya hewa yaishe. Kisha gari hujaribiwa katika hali ileile iliyokuwa ikilishinda. Gari la foleni husimamishwa likiwa linawaka, kiyoyozi kimewashwa, mpaka feni iwake na kuzima mara kadhaa. Gari la mlimani hupelekwa mlimani. Asubuhi yake, injini ikiwa baridi, kimo cha maji hukaguliwa kwenye shingo ya rejeta yenyewe, kwa sababu chupa ya akiba inaweza kuonekana imejaa huku rejeta ikiwa imepungua.